Viungo vya Shangazi

Shangazi yangu hakuwa mtu wa vitabu, lakini sijawahi kuona mtu anayeandika kama yeye. Aliandika chupa. Kila chupa na kila kopo jikoni mwake lilikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, na juu yake, kwa herufi kubwa za kalamu ya wino, jina la kilichomo, tarehe, na onyo ikibidi. HARADALI, YA FUNDI TU. SIKI KALI, USINUSE. MAFUTA YA JUZI, UKIUMWA TUMBO SHAURI YAKO. Mimi niliziamini plasta zile kuliko nilivyoamini magazeti, na hilo ndilo kosa langu katika habari hii. Nalitaja mapema nisije nikaonekana nawalaumu wenzangu tu.

Fundi ni mumewe. Alishona viatu kibarazani pao tangu kabla sijazaliwa, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe akiwamo. Huyo mkewe naye kila mtu alimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Hawakujaaliwa mtoto. Mimi ni binti wa kaka yake, mshona nguo, na nilihamia kwao na cherehani yangu mwaka ule Fundi alipokatwa mguu. Nilipewa chumba cha uani, dirisha langu likitazamana na dirisha la jiko, hatua tano hivi katikati. Shangazi aliniita Siki. Alisema nilipozaliwa niliukunjia ulimwengu uso kama mtu aliyelamba chupa isiyo yake, na kwamba hadi leo sijaukunjua. Sikatai.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nyuzi. Kengele ya saa saba mchana ikilia, watu mia tatu walikuwa wakiingia kwa mkupuo, na ole wake mpishi ambaye sosi yake haijawa tayari. Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida, cha kushibisha tu. Kilichowafanya watu wapange foleni mapema ni viungo vyake: sosi ya nyanya, haradali, mayonezi, na sosi ya pilipili iliyowatoa wanaume wazima machozi. Walisema Shangazi ana mkono. Kiwanda kilifungwa miaka tisa iliyopita, mashine zikachukuliwa, kengele ikauzwa kama chuma chakavu, na Shangazi akarudi nyumbani na aproni yake na mazoea yake yote.

Mguu wa kushoto wa Fundi ulichukuliwa na sukari, chini kidogo ya goti. Hospitali walimpa kiungo bandia, akakiangalia kwa jicho la ufundi, akasema kazi hii ya haraka haraka hawezi kuivaa, akakiegemeza nyuma ya mlango na kuendelea na magongo yake mawili. Mwaka haujaisha, doa jeusi likatokea kwenye kidole gumba cha mguu uliobaki, dogo kama punje ya dengu. Daktari alilitazama kwa muda mrefu. Akasema ana wiki sita. Kipimo cha asubuhi kikishuka chini ya nane na kukaa huko, damu itafika kidoleni na kidole kitapona. Kikizidi kumi, basi watakutana tena chumba cha upasuaji. Fundi akasema atakuwa fundi viatu wa kwanza asiyehitaji kiatu. Daktari hakucheka, na Shangazi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Siku hiyohiyo aliisafisha nyumba. Sukari, asali, jemu, juisi za pakiti, na biskuti zangu nilizozificha ndani ya boksi la vitambaa, vyote vilikwenda. Akachukua chupa ya sosi ya nyanya ya dukani, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma kwa sauti. Nyanya, kisha sukari, ndipo vingine vyote. Akasema hii si sosi, hii ni soda iliyopakwa rangi, akaimimina kwenye mfereji wa uani.

Lakini Fundi hali bila sosi. Sitii chumvi: hata yai la kuchemsha, hata kipande cha kabichi, lazima kizamishwe. Siku mbili alisukuma sahani, akameza dawa kwa tumbo tupu, akaanza kutetemeka na kutoka jasho mbele yetu. Ndipo Shangazi alipofunga aproni. Akasema atavipika vyote mwenyewe, nyumbani, bila chembe ya sukari wala unga, na huyu bwana atakula mpaka aombe msamaha.

"Wamenitoa kiungo kimoja," Fundi akaniambia, akimtazama mkewe akipanga vyungu, "huyu ananirudishia viungo vinne. Nimepata faida."

Alipika kila Alhamisi. Nyanya zilizoiva hadi kulegea alizichoma kwenye sinia pamoja na pilipili hoho nyekundu, maana hoho ikichomwa hutoa utamu wake yenyewe bila kuazima. Kisha chungu, moto mdogo, kitunguu kidogo sana, karafuu mbili, kijiti cha mdalasini, siki, chumvi, saa nzima na nusu mpaka kijiko kikipita chini kiache njia. Halafu alichuja kwa chujio la waya, akikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Mayonezi aliipiga kwa mkono, viini vya mayai na haradali, mafuta yakidondoka tone kwa tone kutoka kwenye kizibo alichokitoboa kwa msumari wa Fundi. Chupa zilichemshwa, zikakaushwa, zikajazwa, zikaandikwa. SOSI, HAINA SUKARI. Mimi kazi yangu ilikuwa kumchoma Fundi kidole kila asubuhi, kukamua tone la damu na kusoma namba.

Wiki ya kwanza namba zilishuka vizuri. Kumi na moja, tisa, saba nukta nane. Shangazi alikuwa akiimba bila maneno. Fundi alilamba kijiko akasema haina ule utamu wa zamani lakini mtu anaweza kuizoea, na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa. Mimi nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale.

Ijumaa ya wiki ya pili tulikuwa mezani, mchana kweupe, watatu sisi. Fundi aliweka kijiko chini.

"Nimekanyaga kitu," akasema.

Nikainama kutazama chini ya meza, karibu na ndara yake. Sakafu ilikuwa safi.

"Siyo mguu huo," akasema. "Ule."

Mguu usiokuwapo tulikuwa tumeuzoea. Uliwasha, ulipata baridi, ulijikunja vidole. Daktari alitueleza kwamba mishipa haijui kama mguu umekwenda, na hatukushangaa tena. Lakini haukuwahi kusimama mahali. Haukuwahi kukanyaga. Nikamuuliza amekanyaga nini, akafumba macho kama mtu anayepapasa gizani.

"Kinanata," akasema. "Kama shira iliyomwagika."

Shangazi akasema mguu huo nao umekosa adabu, unatembea peke yake. Tulicheka. Asubuhi iliyofuata kipimo kilisema kumi na tatu.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia kwa kidole kingine. Kumi na tatu nukta mbili. Wiki nzima namba zikakaa huko juu, na Ijumaa ya pili yake Fundi akakanyaga tena, na Jumamosi yake ilikuwa kumi na tano. Lile doa la dengu likawa harage.

Sasa ngoja niseme ukweli kuhusu mimi. Sikumfikiria mtu mwingine ila yeye. Mgonjwa wa sukari anayedokoa ni jambo la kawaida, na Fundi ana wateja wa kila aina, hakosi wa kumpenyezea peremende ndani ya kiatu. Nilipekua mifuko ya koti lake. Nilimwaga boksi lake la misumari. Niliingiza mkono ndani ya viatu vya watu, kimoja kimoja, mbele yake, naye akakaa kwenye kigoda chake akinitazama. Nilimwambia mzee mzima anadanganya kama mtoto. Ninalijutia neno hilo hadi leo.

Shangazi naye alinishuku mimi. Aliuliza kwa upole kama bado nina biskuti mahali. Upole wa Shangazi ulinitisha kuliko makelele yake. Tukawa tunakula watatu mezani, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake.

Nilipoonja sosi ya kwenye chupa, ilikuwa tamu. Nikampa Shangazi kijiko, akaonja, akasema ni mdalasini huo, mdalasini huudanganya ulimi. Alhamisi iliyofuata akaipika bila mdalasini, mimi nikiwa nimesimama kando yake. Nilionja chunguni ikichemka. Ilikuwa kali, chachu, ya kukunja uso, sosi inayofanana na mimi. Nikarudi kwenye cherehani yangu kushona zipu ya mteja. Kesho yake nilifungua chupa ileile, SOSI, HAINA SUKARI, tarehe ya jana, plasta haijakauka vizuri. Ilikuwa tamu kama ya dukani.

Nilisimama nayo pale mbele ya rafu. Iliyolala chachu imeamka tamu. Nilifungua makopo yote. Karafuu, pilipili manga, soda ya kuokea, chumvi laini, chumvi ya mawe, kila kimoja kikiwa na chembe zake na jina lake. Nilitazama chini ya sinki, juu ya kabati, nyuma ya mtungi wa gesi. Hapakuwa na sukari. Mtu hapandi juu ya paa kutia sukari ndani ya chupa ya watu, kwa hiyo nikaanza kufikiria mambo ambayo mimi huwacheka watu wakiyasema.

Shangazi hakuyacheka. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akashika tama, akasema kuna mtu anaingia humu. Kuanzia siku hiyo alifunga mlango wa jiko kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye kamba na kuuvaa shingoni. Akipika, alijifungia ndani. Nilimsikia kutoka kwangu akizungumza. Mwanzoni nilidhani anaimba. Kisha nikasikia anahesabu, "hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini, hizi mpelekee yule," na nikajisemea ni uzee, wote tutaongea peke yetu.

Mwenye duka la kona ndiye aliyenifungua macho. Wiki ya nne nilikwenda kununua uzi, akaniuliza kama kwetu tunaoka mikate ya kuuza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Shangazi huja kila Jumatano, saa ya watu kupumzika, na kuchukua kilo mbili za sukari.

Nilimwambia amemfananisha. Akawa anapanga pipi ambazo tayari zimepangika.

"Dada, mimi mwenyewe nimekuwa nikijiuliza," akasema. "Siku hizo hanisalimu. Hanijui. Ananiambia nifanye haraka, kengele inakaribia kulia."

Nililipia uzi nikausahau pale kaunta. Njiani miguu ilikuwa yangu lakini sikuisikia.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona, nikakanyaga pedali ili sauti isikike, na macho nikayapeleka dirishani. Shangazi alikuwa ng'ambo, hatua tano. Alikoroga. Akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapunguza moto. Ilikuwa kama saa sita na nusu.

Kisha akainua kichwa kama mtu anayesikiliza. Nami nikasikiliza. Mtaa ulikuwa kimya.

Mabega yake yakanyooka. Akaanza kwenda upesi, upesi ambao magoti yake hayajauweza kwa miaka. Akageuka kushoto, pasipo na mtu, akasema wasogeze sahani, zamu ya kwanza wameshapanga foleni. Na wakati anasema hivyo mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe, bila macho kuusindikiza, ukaenda kwenye rafu, ukapita karafuu, ukapita pilipili manga, ukashuka na kopo la CHUMVI YA MAWE. Ukamwaga chunguni. Ukamwaga tena. Ukakoroga, ukapangusa kopo kwa pindo la aproni, ukalirudisha palepale. Muda wote uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, yaani kwangu. Alinitazama machoni na hakuniona.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilitambua tu kwamba mguu wangu bado unakanyaga pedali.

"Siki," akaita, na ilikuwa sauti yake ya siku zote, ya kuchoka kidogo. "Mbona umeganda kama mlingoti? Njoo unishikie chupa. Na usiwe na wasiwasi, hakuna sukari humu."

Naye alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba alikuwa anasema kweli.

Nilikwenda kwa Fundi kibarazani nikamwambia, kwa sauti ya chini. Alikuwa anaingiza uzi wa nta kwenye sindano. Hakuuacha.

"Kule kantini wafanyakazi walikuwa wanaiba sukari ya chai," akasema. "Basi akaihamishia kwenye kopo la chumvi ya mawe. Hakuna mwizi wa chumvi ya mawe. Miaka thelathini na mmoja, mkono wake unajua sukari iko hapo."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu wiki ya tatu, aliposimama kwenye dirisha la jiko kuomba maji.

"Ulimi haukuniambia kitu," akasema. "Nilidhani mdalasini, kama mlivyodhani nyie. Ni ule mguu. Kila ukikanyaga, najua amekwishatia. Usiniulize unajuaje."

"Na umekula."

"Nimekula."

Aliniomba nisimwambie Shangazi. Alisema siku ileile alimuuliza mkewe kwa mzunguko, naye akaapa kwa kaburi la mama yake, na alipomtazama aliona haapi uongo. Mguu, alisema, amekwishapoteza mmoja, anajua mtu anaishije baada ya hapo. Lakini mwanamke yule siku zote kichwa chake ndicho fahari yake, na akiambiwa kinamtoka, atakufa akiwa amesimama. Basi bora wachukue na huo wa pili, atashonea kitandani. Alisema hivyo kwa utulivu kama anayezungumzia soli.

Nilimkasirikia sana. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa anampenda mtu kwa namna ambayo mimi sijawahi kupendwa, na kwa sababu mapenzi hayo yangemwua, na mimi hadi hapo ningebaki kumchoma vidole na kusoma namba.

Nilijaribu njia ya kimya kwanza. Nilipoitwa jikoni kushika chupa, nililimwaga kopo lile, nikalijaza chumvi ya mawe ya kweli, na nikamwomba mwenye duka asimuuzie. Jumatano ilipofika Shangazi hakwenda kwa mwenye duka. Alivuka barabara kuu peke yake, ile yenye malori, akaenda duka asilolijua. Alirudishwa na mwanamke mgeni aliyemkuta amesimama katikati ya magari akiwaamuru madereva wapange foleni. Alikuwa na viatu viwili tofauti na kilo mbili za sukari chini ya mtandio, na kabla sijaichukua alikwishajifungia jikoni. Jioni hakukumbuka kuvuka, ila alilalamika nyayo zinauma. Na lile kopo, nilipolifungua, sukari ilikuwa imejaa tena.

Wiki moja na nusu ilikuwa imebaki. Doa lilikuwa limeshika kucha nzima.

Asubuhi ya Alhamisi nilipiga moyo konde. Nilimkalisha Shangazi kwenye kiti cha jikoni kabla hajawasha moto, nikaweka kopo mbele yake, nikafunua. Nikamwomba aonje. Alichovya ncha ya kidole akakilamba, akabaki na kidole mdomoni. Kisha akaligeuza kopo, akavaa miwani, akasoma plasta. Nilimweleza yote, duka, kengele, barabara, mkono. Sikupamba. Nilimwona akizeeka mbele yangu neno kwa neno.

Hakukataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja.

"Huu ni mwandiko wangu," akasema.

Akatazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza, akaugeuza kiganja juu, kiganja chini.

"Nilifunga mlango nikidhani namfungia nje," akasema. "Kumbe nilikuwa namfungia ndani."

Akauliza kidole cha Fundi kikoje, kikweli. Nikamwambia. Akaitoa ile kamba shingoni, taratibu, ikakwama kwenye sikio, nikamsaidia. Akanitia ufunguo mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Kuanzia leo utapika wewe, Siki. Nimekuonyesha vya kutosha. Na huyo akija, usimfungulie. Atakuja na sauti yangu, na atakuwa na haraka."

"Na ukija wewe mwenyewe?"

"Usinifungulie na mimi," akasema. "Hutajua ni nani."

Alitoka jikoni mwake bila kugeuka. Fundi hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alinyoosha kidole nimchome, akasema sosi yangu ni mbaya kabisa, na akaimaliza.

Namba ziliteremka. Kumi na mbili, kumi, tisa, saba nukta nne. Mguu ule mwingine haukukanyaga kitu. Daktari aliongeza wiki mbili, kisha nyingine mbili, na kwenye kliniki ya mwisho alikwangua kidole kwa kisu kidogo na chini yake kukatokea ngozi mpya, nyekundu, yenye uhai. Shangazi aliinama pale hospitali, mbele ya watu, akakibusu kile kidole. Fundi akamwambia asimwaibishe.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni, mlango umefungwa, nyanya zinachemka. Ilikuwa kama saa sita na nusu. Kitasa kikazunguka. Kikazunguka tena, kwa nguvu. Kisha akagonga kwa kiganja.

"Fungua, binti. Kengele inakaribia kulia. Watu mia tatu wako nje."

Nilikuwa nimeshika mwiko kwa mikono miwili.

"Fungua. Sosi haijamalizika hiyo, bado kitu kimoja. Unanisikia? Watakula nini watu hawa?"

Akagonga kwa ngumi. Makopo rafuni yakatikisika. Nikausogelea mlango, nikauweka ufunguo kwenye tundu, maana ilikuwa sauti ya yule aliyenipa jina la Siki, na ilikuwa inaomba. Nilisikia pumzi zake upande wa pili, fupi, za haraka. Kisha zikatulia. Kitu kizito kikateleza kwenye mlango hadi chini, nikajua amekaa sakafuni. Na sauti ikatoka tena, chini kabisa, karibu na tundu la ufunguo, ya kuchoka kidogo.

"Usimfungulie," akasema. "Bado yuko hapa."

Nikautoa ufunguo. Nilikaa sakafuni na mimi, mgongo wangu kwenye ubao na mgongo wake upande wa pili, na nyanya zikaungua nikiwa nazinusa. Baada ya muda nikasikia magongo yakija ukumbini, na katikati ya magongo ule mguu mmoja. Fundi alisimama mbele ya mlango, akamwambia mkewe chakula kimeshagawiwa, watu wameshakula, wameshiba, wamerudi kazini. Akamshika mkono, akamwinua.